Tanuri Limechelewa Tena

Alhamisi, 5 Septemba

Tanuri halifunguliwi Novemba! Wametangaza leo asubuhi. Burl ndiye aliyeleta gazeti mgahawani, akalibwaga mezani kwa nguvu hadi kahawa ya Opal ikamwagika. "Januari!" anasema. "Eti Januari. Hao wakikwambia Januari, wewe andika Pasaka."

Meza yetu ya Alhamisi ikachafuka. Sisi ni mashabiki wa Korongo, timu ya Chuo cha Dunmore, tangu magoti yetu yakiwa mazima, na mpira wa kikapu ndio unaotuvusha baridi ya Indiana. Ukumbi wao una jina la tajiri fulani, lakini hakuna anayelitumia. Ni Tanuri, kwa joto lake. Umefungwa tangu Machi kwa ukarabati. Walituahidi paa jipya, viti vipya, na vyoo vya wanawake visivyo na foleni ya kutoka hapa hadi kanisani. Kwanza wakakuta paa limeoza kuliko walivyodhani. Sasa viti vyenyewe havijatoka kiwandani. Kwa hiyo msimu tutauanzia kwenye jimu ya sekondari ya Pike Fork, juu ya mabenchi yasiyo na mgongo. Burl alimlaani mkandarasi, akamlaani rais wa chuo, akamlaani na mkwewe, ambaye hahusiki hata kidogo.

Nami nililaani pamoja nao. Nilitikisa kichwa. Nilisema "aibu!" tena kwa sauti.

Moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

Opal kanikazia macho. "Shoga, pai ya cheri asubuhi yote hii?" Nikamwambia ni huzuni.

Jumapili, 8 Septemba

Acha niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma.

Royce na mimi tuliachana miaka kumi na moja iliyopita. Nyumba nilipewa mimi, lori na mbwa akapewa yeye. Lakini viti vyetu viwili vya Tanuri, tunavyovilipia kila msimu — kitengo F, safu ya tisa — hakuna aliyekubali kuviachia. Hakimu alichoka, akatugawia kimoja kimoja. Mimi kumi na moja, yeye kumi na mbili. Mji mzima ulicheka. Walijua mmoja wetu atauza tu. Nani auze! Kila mechi ya nyumbani, kila majira ya baridi tangu siku ile, tumekaa bega kwa bega. Hatuongei ya nyumbani. Tunaongea ulinzi mbovu, refa kipofu, yule mrefu asiyejua kuruka. Royce humenya karanga. Moja anakula, moja ananipa, bila kunitazama. Basi. Mechi ikiisha kila mtu na gari lake.

Nyumbani tuligombana hata juu ya kifuniko cha sufuria. Tanurini hatukuwahi kugombana. Hata mara moja.

Na sasa viti vyote vya zamani vimefutwa. Tanuri jipya likiwa tayari kila mtu atachagua upya, kwa zamu, waliokuwa na viti miaka mingi zaidi kwanza. Na Royce ana mwanamke! Nimesikia wiki nyingi, leo nimewaona kwa macho yangu, dukani, mbele ya matikiti maji. Anaitwa Trudy. Alikuwa analigonga tikiti kwa kidole, na Royce anacheka. Royce hapendi tikiti. Hajawahi kupenda! Nililala naye kitanda kimoja miaka ishirini, najua asichopenda.

Nina wivu. Haya, nimeandika.

Kila siku Tanuri linapochelewa ni siku ambayo hajachagua kukaa mbali nami. Wacha lichelewe.

Alhamisi, 19 Septemba

Royce kamleta mezani! Kwenye meza yetu!

Amevaa sweta la Korongo, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Ana meno mazuri. Ana sauti ya mtu ambaye hajawahi kufokewa. Katikati ya chai akauliza, "Kwani hawa Korongo huwa wanafunga magoli mangapi?" Magoli! Burl alipaliwa na skonzi. Nikasubiri Royce aone haya. Wapi! Akamgeukia polepole: "Vikapu, mpenzi. Tunasema vikapu." Mpenzi! Mimi jina langu lilikuwa "we Nadine".

Opal naye, kwa mazoea: "Shemeji, nipitishie sukari." Royce akawa mwekundu hadi masikioni. Trudy ndiye aliyeinua kopo la sukari, akacheka, akasema, "Hata mimi dada yangu bado anamwita mume wangu wa kwanza shemeji." Hakukasirika! Afadhali angekasirika, ningepata pa kumshikia.

Kisha Royce akatangaza kwamba chuo kimemruhusu kuongeza kiti kimoja. Tanuri jipya likifunguliwa atachukua viwili, pamoja. Trudy akapiga makofi: "Januari, siyo?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Naapa.

"Haiwezi kuwa Januari," nikasema. "Vyuma vya paa vimekatwa vifupi. Havifiki ukutani."

Kila mtu akageuka. Burl: "Nani kakwambia?" Nikamwambia mtu wa ndani. Mtu wa ndani! Aliyeko ndani kwangu ni paka. Lakini walivyonisikiliza! Royce aliweka uma chini. Kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa hakuna aliyemtazama yule wa meno mazuri. Nilirudi nyumbani naimba.

Jumamosi, 21 Septemba

Uongo wangu umerudi nyumbani, umenenepa. Burl kanipigia simu, anahema: "Nadine, umesikia? Siyo vifupi tu! Mhandisi katorokea Ohio!" Kwenye ukurasa wa mashabiki mtandaoni hawaongei kingine. Mmoja anaapa ameona pengo kwa macho yake akipita barabarani. Mwingine amechora Tanuri limevaa kofia ya mtoto. Nilicheka hadi nikakaa chini sakafuni.

Halafu nikaacha kucheka, sijui kwa nini.

Alhamisi, 3 Oktoba

Chuo kimetoa taarifa. Vyuma ni sawa, paa limekamilika, kinachosubiriwa ni viti tu. Burl hadanganyiki: "Wangekuwa hawana la kuficha, wangekanusha nini?" Opal alisema amepita pale, paa ameliona. Burl akamtazama kwa huruma. "Turubai lile, mama. Wamelipaka rangi ya paa."

Nilikunywa kahawa yangu. Royce hakuja. Yeye na Trudy wamekwenda kuchuma tufaha shambani kwa watu. Tufaha! Mimi kumpeleka tu kwa daktari wa meno ilikuwa vita.

Jumanne, 5 Novemba

Mechi ya kwanza. Pike Fork.

Pale hakuna viti vya namba. Kuna blanketi. Ukitandika blanketi lako kwenye benchi, mahali pale ni pako, hata mchungaji hawezi kulisogeza. Tangu enzi za babu zetu iko hivyo, na aliyewahi kulisogeza la mwenzake bado anatajwa kwa jina. Nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Nilikwenda na lile la kijani, tulilopewa siku ya harusi. Nikalitandika likajinyoosha, nafasi ya watu wawili wanene. Sikumwambia mtu ni ya nani.

Royce aliingia, akaangaza macho. Akaliona. Akalitambua! Akaja moja kwa moja, kama mbuzi anayejua zizi lake. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, ndipo nikamwona wa nyuma yake.

Tukabanana watatu. Royce katikati, mimi kulia kwake, Trudy kushoto. Trudy ananiambia, "Blanketi zuri, dada. La zamani, eeh?" La zamani. Ndiyo.

Anashangilia vibaya. Anapiga makofi wakati wa mapumziko, ananyamaza wakati wa kupiga kelele. Akauliza kwa nini yule mwenye filimbi anatuchukia. Swali zuri, hata mimi huwa najiuliza. Lakini sikutaka aulize vizuri.

Kisha karanga. Royce alitoa mfuko wake, akaanza kumenya, macho kiwanjani. Nikafungua kiganja changu. Juu ya goti, kama siku zote — sikufikiri hata. Mkono wake ukaenda kushoto. Moja yake, moja ya Trudy. Moja yake, moja ya Trudy! Kiganja changu kilikaa pale, wazi, mbele ya watu. Nikajifanya nakuna goti. Nilitamani kumwaga mfuko ule wote sakafuni.

Kipindi cha pili, mchezaji wetu akiwa kwenye mitupo ya adhabu, jimu nzima kimya, Royce akasahau. Mkono ukaja kulia. Bila kunitazama. Sikuila. Iko kwenye mfuko wa koti langu.

Tulishinda. Sijui kwa ngapi.

Alhamisi, 14 Novemba

Viti vimefika! Vimeshafungwa vyote. Jumamosi ya tarehe 23 tunaitwa tukachague, ndani ya Tanuri lenyewe. Unaingia zamu yako ikifika, unakaa kwenye kiti unachokitaka, bwana wa chuo anakibandika jina lako. Usipokuwepo ukiitwa, umepelekwa mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni ni kule juu, nyuma ya nguzo.

Nilifikiri meza itapasuka kwa furaha. Ikapasuka kwa kicheko! Burl anafuta machozi: "Nikakae chini ya paa lisilofika ukutani? Mke wangu bado ananihitaji. Siku chache tu kwa wiki, lakini ananihitaji." Wakasema ni hila ya kututuliza. Wakasema mhandisi wa Ohio hajarudi.

Na Royce: "Hata mimi siendi. Nitampeleka Trudy kwa dada yake Tennessee. Kama si Nadine kutuonya mapema..." Akanitazama kwa shukrani. Shukrani! Halafu akaongeza, taratibu, kana kwamba anaongelea mvua: "Labda msimu huu tutazamie nyumbani tu. Mabenchi yanamuumiza Trudy mgongo."

Nyumbani! Kwenye kochi, yeye na yeye na mfuko wa karanga!

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ndoo yangu.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya ibada Opal alinibana kwenye maegesho, mlango wa gari langu kaushikilia.

"Mtu wa ndani ni nani?"

Nikaanza kutafuta funguo mkobani.

"Nilijua. Wewe ukiwa na jambo la kuficha unaagiza pai. Siku ya vyuma ulikula mbili."

Nikamwambia kila kitu. Hata karanga. Nilitarajia atacheka, maana Opal hucheka hata mazikoni. Hakucheka. Akasema nikamwambie Royce kabla ya Jumamosi. Nikasema nikimwambia ataniuliza kwa nini. "Basi, shoga. Si ndiyo faida yenyewe?"

Simwambii! Akakae nyuma ya nguzo. Yeye na wake.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda.

Alikuwa bandani kwake, anapotengenezea mashine za kukatia nyasi za watu. Mbwa alinikumbuka, akanilamba viatu. Royce akauliza kama mashine yangu imeharibika. Novemba! Nani anakata nyasi Novemba? Nikasema hapana.

"Vyuma si vifupi."

"Wamerekebisha?"

"Havijawahi kuwa vifupi. Nilitunga."

Akaniangalia. Anashika bisibisi, anaiangalia bisibisi, ananiangalia mimi. "Na mhandisi wa Ohio?"

"Huyo ni wa Burl. Mimi nilitunga vyuma tu."

Nikadhani atalipuka. Zamani angelipuka, nami ningelipuka, na jirani angefunga dirisha. Akavuta kitambaa, akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja. Akauliza sauti ya chini: "Kwa nini, Nadine?"

Njia nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya jibu. Kwamba ilikuwa mzaha. Kwamba Burl aliniudhi.

"Kwa sababu ya kiti," nikasema.

"Kiti kipi?"

Nikatoka. Nilimkanyaga mbwa mkia nikitoka. Nililia ndani ya gari kwa sababu ya mbwa.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeiambia na meza. Nimesimama kabisa: Jamani, ule wa vyuma ulikuwa uongo wangu. Burl aliweka kikombe chini, akanishika mkono, macho yamemlegea. "Wamekutisha," anasema. "Sema tu kama wamekutisha."

Royce na Trudy hawakuja. Hakuna anayejua kama wamekwenda Tennessee.

Sikuagiza pai.

Jumamosi, 23 Novemba

Naandikia humu humu ndani, kwenye kiti, kofia ngumu ya mafundi kichwani. Hawaruhusu mtu kuingia bila kofia.

Tanuri linanuka rangi. Sakafu mpya bado imefunikwa kwa plastiki, nyavu hazijatundikwa. Nilipoingia niliinua macho kwanza. Paa linafika ukutani. Pande zote. Burl yuko hapa — "nimekuja kuhakikisha tu" — amesimama pale chini, kichwa amekilaza nyuma, kofia yake ameishikilia kwa mikono miwili. Bado hajatosheka.

Wenye miaka sawa wanaitwa kwa herufi. Baada ya talaka nilirudia jina la baba, Abernathy, kwa hiyo nimemtangulia Royce Kessinger. Ndiyo faida pekee niliyoipata kwenye talaka ile. Nilipoitwa sikuzunguka. Kitengo F, safu ya tisa. Viti vipya ni vya bluu, na namba hazijabadilika. Nikakaa kumi na moja. Bwana wa chuo akabandika stika ya jina langu. Nikalitandika blanketi la kijani kwenye kumi na mbili.

"Mama, hapa hatutumii blanketi," anasema. "Hapa siyo Pike Fork."

Nikamwambia ni la magoti, nitalitumia sasa hivi.

Wakaita watu. Safu ya tisa ikaanza kujaa kutoka upande ule. Mimi na macho mlangoni. Wakaita: Kessinger. Hakuna mtu. Nikasema moyoni, Tennessee. Wakaita mara ya pili. Bwana wa chuo akakunja karatasi yake. Nilitaka kusimama nipige kelele asubiri.

Mlango ukafunguka. Trudy. Peke yake! Kofia imemzidi kichwa, kadi ya Royce shingoni. Akapunga mkono, akaanza kupanda. Safu ya kwanza, ya pili, anashikilia viti. Anakuja kwangu, hatazami pengine popote.

"Dada Nadine!" Anahema. "Royce yuko nje kwenye lori. Amegoma kushuka. Anasema yeye akiingia hatachagua chochote, miguu itakwenda yenyewe. Kanituma mimi."

Nikauliza, kwa nini wewe.

"Ndivyo nilivyomuuliza! Nikamwambia mimi bado naita vikapu magoli, nitajuaje viti? Akasema, muulize Nadine. Nikamwambia, Nadine si ndiye aliyetudanganya? Akasema vyuma anaweza kudanganya, viti hawezi."

Alicheka kidogo. Halafu akaacha. Akalitazama blanketi. Alilikumbuka, niliona. Baada ya kumi na mbili, kumi na tatu iko wazi, na kumi na tatu ndiyo ya mwisho, baada yake ni ngazi. Kwingine safu hii imejaa. Blanketi likiondoka, viko viwili, chake na cha Royce. Au, mtu akitaka kukaa na blanketi lake, kitabaki kimoja, na kimoja hakimfai mtu mwenye mwenzake.

"Na hiki," akauliza, si kwa ubaya, "kina mtu?"

Bwana wa chuo naye akanitazama, stika mbili mkononi.

Nikamwambia Trudy atazame kwanza upande wa pili, ng'ambo kule, aone tofauti, viti huchaguliwa kwa macho. Akaniamini. Akamwomba yule bwana dakika chache, akashuka. Namwona kule, kofia ya njano. Amekaa safu ya chini, anajaribu. Amepanda juu, amejaribu. Ananipungia mkono. Kule ni pazuri, Mungu anisamehe. Viti viko wazi tele, na refa unamwona vizuri zaidi. Nikimwambia kule ni pazuri sitakuwa nimedanganya.

Karanga ile imo bado kwenye mfuko wa koti. Nimeigusa.

Anashuka. Anavuka kiwanja, amevua viatu asichafue plastiki, ameviweka mkononi. Kwa nini avue viatu? Hakuna aliyemwambia avue. Burl anamwambia kitu, anamwonyesha paa. Trudy anacheka. Ameachana naye, anakuja.

Nimelikunja blanketi. Nimelikunjua. Nimelikunja tena, liko magotini. Yuko safu ya nne. Nimelirudisha kitini — hapana, ngoja — safu ya sita —